Masikio ya Farasi wa Anna

Mji wa Mandarkhol, kwenye pwani ya magharibi ya India, una ugonjwa mmoja usio na dawa: kila ukoo umetokana na shujaa. Hujapata kumsikia mtu wa Mandarkhol akisema kwamba babu wa babu yake aliuza vitunguu, ingawa vitunguu vililiwa na lazima kuna mtu aliyeviuza. La, wote walikuwa na panga, wote walipewa ardhi na mfalme, na wote wakaja kudhulumiwa na jirani. Ndiyo maana Chama cha Historia kinapofungua mihadhara yake baada ya Diwali, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani, viti huwa havitoshi. Watu hawaji kujifunza. Wanakuja kungojea wakati wa maswali, ambapo mtu husimama, hukohoa, na badala ya kuuliza chochote huanza kuueleza ukoo wake mpaka chai inapoa.

Katibu wa chama hicho alikuwa Yamuna Pendharkar, mwalimu mstaafu wa historia, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali kuliko wembe. Karibu kila mwanamume mwenye mvi pale mjini aliwahi kuchapwa rula naye, na mpaka leo wakikutana naye sokoni huficha mikono. Wote walimwita Bai, kama walimu wa kike wanavyoitwa huko, na yeye aliwaita kwa majina ya daftari la mahudhurio.

Mihadhara ilifanyika kwenye maktaba ya mji, jengo kuukuu la vigae lenye buibui wengi kuliko wasomaji. Watu wakizidi, walihamia uani nyuma yake. Ua huo ulikuwa na kisima, na hapo wanawake wa soko la samaki walitua vikapu vyao wakapumua. Wasichana wanaojiandaa kwa mitihani walikaa hapo kutwa nzima, kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na pa kuwekea hata kiwiko. Na pembeni, chini ya kibanda cha bati, palisimama jiwe.

Jiwe lenyewe lilikuwa la kimo cha mtoto wa miaka kumi. Kila mwaka, siku ya sikukuu yake, lilipakwa rangi nyekundu ya ibada iliyokorogwa na mafuta, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuifuta ya mwaka uliopita, rangi ilijengeka juu ya rangi mpaka jiwe likawa limejaa mabonde na vilima kama mtu aliyejifunika blanketi. Kilichochongwa ndani hakuna aliyekijua. Ukoo wa Savardekar walisema ni babu yao, shujaa aliyekufa vitani juu ya farasi wake. Watu walikubali, kwanza kwa heshima, na pili kwa sababu akina Savardekar ndio waliotoa vitafunio vya sikukuu.

Mkubwa wa ukoo huo alikuwa Vasant Savardekar, mwenye kiwanda cha vigae. Mji mzima ulimwita Anna, yaani kaka mkubwa, ijapokuwa hakuna aliyekumbuka kumwomba awe kaka yake. Bango lake lilining'inia kwenye stendi ya basi: miwani myeusi, pete tano, simu sikioni, uso wa mtu anayempa waziri maagizo.

Asubuhi moja Anna aliingia maktaba bila kubisha, akakalia kiti cha mwenyekiti wa chama, Bwana Damle, huku Bwana Damle mwenyewe akiwa amesimama.

"Bai, mwaka huu mhadhara wa ufunguzi ni wangu," alisema.

"Utahutubu wewe? Juu ya nini, vigae?"

"Bai naye! Namleta daktari kutoka Pune, bingwa wa mawe. Ataliangalia jiwe la babu yetu, kisha atalizungumzia mbele ya mji mzima, madiwani wakiwa mstari wa mbele. Akithibitisha kwamba ni la shujaa wetu, ua unarudi kwa wenyewe. Nimeshaongea na madiwani. Wanachotaka ni neno la msomi tu, wasije wakalaumiwa."

"Unarudi? Uliwahi kwenda wapi?"

"Nitajenga ukumbi wa harusi, Bai. Ukumbi wa Shujaa Savardekar. Viyoyozi kila kona!"

"Na maktaba?"

"Maktaba itapata chumba ndani ya ukumbi." Anna alisita kidogo. "Karibu na jiko."

Bwana Damle, ambaye alikuwa akisafisha miwani yake kwa pindo la shati, alisema kwa sauti ya chini, "Karibu na jiko huwa hakuna unyevu wakati wa mvua." Yamuna alimtazama. Bwana Damle akarudi kusafisha miwani ambayo ilikuwa imeshatakata.

Anna alipoondoka, Yamuna alitoka uani akakaa ukingoni mwa kisima. Moyo ulimuuma, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba haukumuuma. Aliletwa mji huu akiwa bi harusi asiyemjua mtu, na ni hapa uani alipopata marafiki wake wa kwanza, na ni hapa alipojisomea mpaka akawa mwalimu. Wasichana watatu walikuwa wamejikunyata kivulini wakikariri mito ya India kwa sauti za kusinzia. Hao wangekariri wapi? Jikoni, kati ya masufuria ya harusi za watu?

Akalitazama jiwe. Kuna jambo alilojua juu ya jiwe hilo, au alilodhani analijua, na kwa miaka mingi alikuwa amelimeza. Siku ya sikukuu, wanawake wa Savardekar wakishamaliza kupaka, majirani nao huruhusiwa. Yamuna alikuwa amelipaka mara nyingi, na vidole vina macho yake. Juu kabisa alihisi viduara viwili, jua na mwezi. Chini yake chungu. Na chini kabisa, mahali ambapo rangi ilikuwa nene kupita kiasi, palikuwa na mnyama wa miguu minne. Farasi, walisema. Lakini kila vidole vyake vilipopita juu ya kichwa cha farasi huyo, vilikutana na masikio marefu, marefu mno. Yamuna alikulia nyuma ya tanuri la wafinyanzi. Alikuwa amewaona punda wakibeba udongo kabla hajajua kuhesabu. Na alikuwa amesoma kwamba wafalme wa zamani wa pwani hii, wakitoa ardhi, walisimamisha jiwe lenye laana, na laana yenyewe waliichora ili asiyejua kusoma naye aielewe. Picha hiyo ilikuwa na punda, na haikuwa picha ya kuonyesha wageni.

Hakuwa na hakika. Isitoshe, utaanzia wapi kumwambia mtu kwamba babu yake shujaa ni punda?

Kesho yake alimfuata Anna kiwandani, akiwa amebeba kilemba cha ukoka cha saizi yake kabisa.

"Anna, nimelala nikiwaza. Jambo hili ni kubwa. Ila nina huzuni moja."

"Huzuni gani tena, Bai?"

"Uso wako uko stendi, kila abiria anauona. Uso wa shujaa uko wapi? Umezikwa kwenye rangi. Daktari atasema shujaa, watu watatazama, wataona bonge jekundu. Si aibu? Upanga wake hauonekani. Farasi wake haonekani hata mkia."

Anna aliacha kuchezea pete. Yamuna aliendelea taratibu, kama anayefikiri kwa sauti. "Lingevuliwa rangi ile... Daktari akiwa hapo hapo. Lifunikwe kitambaa cha dhahabu, na wewe mwenyewe uje kulifunua, ngoma zikilia. Lakini basi, pengine ni mambo makubwa mno kwa mji wetu."

"Makubwa kwa nani?" Anna alisimama. "Bai, mimi ni Savardekar!"

Kilemba kilimkaa vizuri.

Ilibaki jambo moja. Katika mji huo jiwe la ibada haliguswi kabla halijaulizwa. Mtunza hekalu huchukua petali mbili za maua, huzilowesha, huzibandika juu ya jiwe, moja kulia na moja kushoto, halafu watu hungoja. Ya kulia ikianguka kwanza, ruhusa imetoka. Ya kushoto ikitangulia, kila mtu arudi kwake. Kwa hiyo ukoo mzima wa Savardekar ulikusanyika uani, pamoja na mama yake Anna, bibi kizee wa miaka themanini na sita aliyeitwa Aji, yaani nyanya, na mji wote. Aji aliwekewa kiti karibu kabisa na jiwe, mkono wake wa kulia ukiwa na upepeo wa ukindu.

Mtunza hekalu akasoma dua yake. Petali zikabandikwa. Mara ile ya kushoto ikaanza kuteleza, kidogokidogo, na Yamuna akaifuata kwa macho. Hapo Aji akaanza kujipepea kwa nguvu, kama mtu aliye mbele ya jiko la mkaa, na petali ya kulia ikang'oka ikaruka hadi kwenye kandambili za mtunza hekalu.

"Ruhusa!" Anna alipiga kelele.

Yamuna alimwinamia bibi. "Aji, baridi yote hii unajipepea?"

"Mbu."

"Mimi sijaona mbu."

"Macho yako yamezeeka, Bai," alisema Aji, akaulaza upepeo wake pajani.

Daktari Niranjan Ghaisas alifika siku ya mhadhara na basi la mchana. Alikuwa kijana mpole mwenye mkoba wa brashi, mmoja wa wale watu waliozoea mawe kuliko watu na wanaoona haya mbele ya akina mama. Alimwamkia Yamuna kwa kugusa miguu yake, akala sahani mbili za poha, mchele uliopondwa, kisha akaingia nyuma ya pazia lililozungushiwa jiwe na kuanza kazi kwa maji ya vuguvugu na vijiti vya mianzi. Anna alitaka kuchungulia. Yamuna alimkumbusha kwamba mwenye kufunua hafai kuona kabla ya saa yake, na kwamba nywele zake zilikuwa zinaonyesha weupe kwenye mashina. Anna akaenda kwa kinyozi.

Jua lilipoanza kulegea, rangi ilibanduka kwa mapande makubwa, mazito kama vigae. Muda si muda daktari akachomoza kichwa nje ya pazia. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko jiwe lilivyokuwa asubuhi.

"Bai," alinong'ona, "yule si farasi."

"Masikio yanasemaje?"

"Masikio si shida. Shida ni... anachokifanya. Kuna mwanamke pale chini, Bai. Na maandishi yote yamo, hayajafutika hata herufi. Basi la mwisho la Pune linaondoka saa ngapi?"

Yamuna alifumba macho akashusha pumzi ambayo aliishikilia tangu asubuhi ile ya Anna na kiti cha Damle. Kisha akamshika daktari mkono. "Mwanangu, hukuitwa kumsifu mtu. Umeitwa kusoma. Soma kilichoandikwa, usiongeze, usipunguze."

"Lakini kutakuwa na akina mama!"

"Akina mama ndio waliouzaa mji huu. Unadhani walifanyaje?"

Daktari akarudi nyuma ya pazia.

Jioni ua ulifurika. Madiwani walikaa mstari wa mbele wakiwa wamepaka mafuta nywele, na katikati yao, kwenye kiti chenye mto, Aji na sari yake ya kijani. Spika zilifungwa hadi barabarani. Daktari akavishwa shali na kupewa nazi, kama kila mgeni wa heshima, akazikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili kama mtu anayejikinga na mvua ya mawe. Bwana Damle alimkaribisha Anna aseme mawili matatu. Anna alisema mia mbili. Alieleza vita ambayo hakuna mfalme aliyepata kuipigana, akampa babu yake majeraha sabini, yote ya mbele, akajipiga kifua mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi.

"Na sasa," alisema, nywele zake zikimeta weusi, "mtazameni kwa macho yenu!"

Ngoma zikalia. Anna akakivuta kitambaa cha dhahabu kwa mkono mmoja huku uso wake akiuelekeza kwa mpiga picha, maana mpiga picha alimwambia asigeuke. Nyuma yake jiwe likasimama wazi, na juu ya shuka jeupe ukutani projekta ikaonyesha picha yake, kubwa kama mlango wa ghala.

Ngoma zikasita moja moja.

"Semeni wenyewe!" Anna aliwapungia watu. "Mnamwona farasi wa babu yangu?"

"Tunamwona, Anna," sauti ikatoka nyuma, kwa wauza samaki. "Ila masikio kaazima kwa nani?"

"Na yule aliye chini yake ni shujaa?" mwingine akadakia. "Mbona kasuka nywele?"

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele, na hapo ndipo Anna alipogeuka. Aliangalia jiwe, akaangalia shuka, akaangalia tena jiwe, kana kwamba moja kati yao lingemwonea huruma.

"Daktari!" alifoka. "Hii ni nini?"

Daktari Ghaisas alisogea mbele na nazi yake. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, lakini alipoanza kusoma ikatulia, maana maandishi aliyapenda. Jiwe, alisema, lilisimamishwa miaka mia nane iliyopita na karani wa mfalme. Kisima hiki na kiwanja hiki vimetolewa kwa watu wa mji, wenyeji na wapita njia, wapumzike na kunywa maji maadamu jua na mwezi vipo. Visiuzwe. Visirithiwe. Na yeyote atakayevitwaa viwe vyake...

Akaikumbatia nazi.

"Atakayevitwaa?" Aji aliuliza.

"Basi, bibi... ni laana tu. Za zamani zile."

"Nimekuja kusikia za zamani. Soma."

"Yeyote atakayevitwaa, mama yake..."

"Mama yake nini?"

Daktari alimtafuta Yamuna kwa macho. Yamuna alikuwa ghafla ameona jambo la kuvutia sana kwenye vigae vya paa.

"Mwanangu, sikio hili limechoka," Aji alisema. "Sogelea hicho kidude useme kama mwanamume."

Daktari akafumba macho, akasogelea kipaza sauti. "Mama yake apandwe na punda!"

Spika zililibeba neno hilo hadi stendi ya basi, ambako, inasemekana, dereva mmoja alishuka kuuliza ni chama gani kinafanya kampeni.

Hapakuwa na aliyecheka. Mji mzima ulikuwa umegeuka kumtazama mama yake Anna. Bibi alisimama taratibu, mkono mmoja kwenye bega la diwani.

"Vasant!"

"Aai, mama, tulia, haya ni mambo ya kitaalamu..."

"Mama yako ni nani?"

"Aai, jamani, watu wanatazama."

"Watazame! Wamjue. Mama yako ni nani?"

"Ni wewe, Aai," Anna alisema kwa sauti ndogo ya darasa la pili.

"Miaka themanini na sita nimetunza jina langu. Baba yako amekufa, sijamtupia jicho mwanamume mwingine. Leo, mbele ya madiwani, unaniozesha punda?"

Hapo ua ulipasuka. Wauza samaki walishikana wasianguke. Bwana Damle alicheka mpaka miwani ikamdondoka, naye alikuwa hajacheka tangu uchaguzi uliopita.

"Lakini Aai, ni maneno ya jiwe tu! Miaka mia nane!" Anna alilia. "Nani anaamini mambo haya siku hizi?"

"Wewe. Si umesema jiwe ni babu yako? Basi babu akisema, amesema." Bibi alinyoosha kidole kwenye kipaza sauti. "Shika. Waambie ua ni wa nani."

Anna aliwatazama madiwani. Madiwani walikuwa wakitazama viatu vyao, kila mmoja akikumbuka kwamba naye ana mama.

"Ua ni wa mji," alisema.

"Na ukumbi?"

"Hakuna ukumbi."

"Na maktaba?"

"Itabaki ilipo, Aai. Naomba ukae."

Aji akakaa. Yamuna alisimama ukutani na machozi yakimtoka, ya kicheko na ya mengine, na hakuhangaika kuyatenga.

Watu walipotawanyika kwenye vikombe vya chai, kila mmoja akigombania kumweleza daktari ukoo wake, Yamuna alimfuata bibi kwenye kiti chake. Alijua amefanya ujanja, na kwamba aliyelipa ni mwanamke mzee aliyetajwa pamoja na punda kwenye spika.

"Aji, nisamehe. Sikutaka aibu ikufikie wewe."

"Aibu gani?" Bibi alikuwa akichovya biskuti kwenye chai, mtulivu kama aliyetoka hekaluni. "Nilipoolewa nyumba ile, mama mkwe alinileta hapa sikukuu ya kwanza. Akaniambia, juu paka upendavyo, lakini pale chini paka nene, na usiulize. Nikapaka. Halafu nikapapasa. Bai, kwetu nako kulikuwa na punda."

Yamuna aliketi chini miguuni pake kama mwanafunzi, jambo ambalo wanafunzi wake wangelipa kiingilio kulishuhudia.

"Ulijua? Miaka yote hii? Mbona hukumwambia Anna?"

"Nilimwambia aache ua wa watu. Nilimwambia mara tatu. Akanijibu, Aai kapumzike, wewe si msomi." Bibi akameza biskuti yake. "Nikapumzika. Nikangoja msomi."

Alimwita mjukuu wake amshike mkono, akajiinua. Kwenye jiwe wanawake wa Savardekar walikuwa wamefika na bakuli la rangi mbichi, tayari kumsitiri babu kabla ya giza. Aji aliwazuia kwa fimbo.

"Rudisheni. Nina wajukuu wanne wa kiume, wote wana macho ya baba yao ya kutamani vya watu," alisema. "Liacheni wazi."